Ukiumia Kazini Usinyamaze: Somo Juu ya Fidia kwa Wafanyakazi

Mara nyingi ukurasa wa afya huzungumzia malaria, kuhara, lishe ya watoto na afya ya mama mjamzito. Safari hii tunataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa ni la afya, nalo ni kuumia kazini. Mtu aliyekatwa vidole na mashine ni mgonjwa kama wagonjwa wengine. Lakini yeye ana vidonda viwili. Kimoja kiko mkononi, na cha pili kiko nyumbani kwake: kodi ya nyumba, chakula, nauli ya watoto kwenda shule. Dawa ya kidonda cha kwanza iko hospitali. Dawa ya kidonda cha pili iko katika sheria, na familia nyingi hazijui kwamba ipo.

Tunaomba somo hili lisomwe na mke na mume pamoja, maana siku ya ajali mwenye kuumia huwa hana nguvu za kufuatilia mambo. Wa kufuatilia ni wale waliobaki wazima.

MFANO WA KUANZIA

Tuchukue mfano. Hii si habari ya mtu fulani. Tumeutunga ili tujifunze, ingawa mambo yaliyomo hutokea kila mara.

Baba mmoja anafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha kupasua mbao. Ana mke na watoto watatu. Siku moja alasiri msumeno wa mashine unamkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Wenzake wanamfunga kitambaa, wanampakia kwenye pikipiki na kumkimbiza hospitali. Mwajiri wake si mtu mbaya. Jioni anafika wodini, anatoa pole, analipa gharama za siku hiyo na kumwachia mke wa mgonjwa shilingi laki moja. Anasema, "Shemeji, huyu ni ndugu yangu. Akipona atarudi kazini. Haya tuyamalize kifamilia." Familia inashukuru sana. Hakuna aliyeandika kitu.

Miezi minne inapita. Kidonda kimefunga, lakini mkono haushiki kazi kama zamani. Nafasi yake kiwandani amepewa kijana mwingine. Mwajiri akipigiwa simu hapokei. Akiba imekwisha, na mama ameanza kukaanga maandazi alfajiri ili watoto wapate uji. Jirani akiuliza, baba anajibu, "Ni bahati mbaya yangu. Bosi alinisaidia alichoweza."

Je, ni kweli kwamba hakuna kilichobaki? Tuweke mfano huu kando kwanza, tujifunze, halafu mwishoni tutarudi kwa baba huyu.

FIDIA SI HISANI

Shilingi laki moja aliyopewa yule mama ilikuwa hisani. Hisani ni jambo jema, lakini haitoshi kuendesha nyumba, tena hutegemea moyo wa mtoaji. Leo anatoa, kesho amechoka. Fidia ni kitu kingine. Fidia ni haki iliyowekwa na sheria, na haiondoki kwa sababu mwajiri alileta matunda wodini.

Kwa Tanzania Bara haki hiyo imo katika Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Sheria hiyo ndiyo iliyounda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao watu wengi huujua kwa kifupi WCF. Waajiri walianza kuuchangia tarehe 1 Julai 2015, na Mfuko ukaanza kulipa mafao tarehe 1 Julai 2016. Wenzetu wa Zanzibar wana sheria na utaratibu wao.

Kabla ya hapo tulikuwa na sheria ya fidia iliyotungwa mwaka 1949, enzi za ukoloni. Chini ya sheria ile mzigo ulikuwa juu ya mwajiri mmoja mmoja. Kama alikuwa amefilisika au mkaidi, mfanyakazi alihangaika. Tena viwango vilikuwa vimeandikwa kwa idadi ya shilingi, na thamani ya shilingi ikashuka mwaka hadi mwaka huku sheria ikibaki pale pale. Mtu alipoteza mkono akaambulia fedha zisizotosha kumtunza hata miezi michache.

Utaratibu wa sasa ni wa kuchangiana. Kila mwajiri analipa kila mwezi sehemu ndogo ya jumla ya mishahara ya wafanyakazi wake. Mwaka 2015 sekta binafsi ilianza na asilimia 1 na sekta ya umma asilimia 0.5. Mchango wa sekta binafsi ukapunguzwa kuwa asilimia 0.6 mwaka 2021, na tangu mwaka 2022 wote wanalipa asilimia 0.5. Kwa mfanyakazi wa mshahara wa shilingi 600,000 kwa mwezi, mchango wa mwajiri ni shilingi 3,000 tu. Mfanyakazi hachangii chochote. Ukiona mwajiri anakukata mshahara kwa ajili ya mfuko huu, ujue anakosea.

Jambo hili linafaa kuelezwa pia kwa waajiri waliomo katika parokia zetu, wenye maduka, karakana, mashamba na shule. Wengi wao huficha ajali kwa kuogopa kwamba wataambiwa walipe mamilioni. Mwajiri aliyejisajili na kuchangia hana sababu ya kuogopa. Anayelipa ni Mfuko.

NANI ANAHUSIKA?

Watu wengi hudhani fidia ni ya wenye mikataba ya kudumu na vitambulisho shingoni. Sivyo. Sheria inamtambua mfanyakazi kuwa ni yule aliyeajiriwa na mwingine kwa mkataba, uwe wa maandishi au wa mdomo. Kwa hiyo kibarua wa kutwa kwenye jengo, mkata mkonge, mlinzi wa usiku, dereva wa lori na mwanafunzi anayejifunza kazi kwa mkataba wa uanagenzi, wote wasijitoe wenyewe kabla hawajauliza.

Aliyejiajiri mwenyewe, kama fundi mwenye karakana yake au mama lishe, hana mwajiri wa kumchangia. Huyo tunamshauri afikirie bima ya afya na kujiwekea akiba katika mfuko wa hifadhi ya jamii kwa hiari.

Je, kama mwajiri hajajisajili? Huyo anavunja sheria. Kosa ni lake, si la mfanyakazi. Usikae nyumbani ukisema, "Kwetu hatukusajiliwa." Nenda ofisi ya Mfuko iliyo karibu au ofisi ya kazi ya mkoa, ueleze.

AJALI GANI HUFIDIWA?

Hufidiwa ajali iliyotokea kwa sababu ya kazi na wakati wa kazi. Kuanguka kwenye jukwaa la ujenzi, kukatwa na mashine, kuungua jikoni hotelini, kupigwa na umeme, kujeruhiwa na majambazi ukiwa lindoni, kupata ajali ya gari ukitumwa na ofisi: hizo zote ni ajali za kazi. Vivyo hivyo kuumia ndani ya gari ambalo mwajiri amelitoa kupeleka na kurudisha wafanyakazi.

Swali ambalo watu huuliza mara nyingi ni hili: "Je, kama nilikosea mwenyewe?" Baba wa mfano wetu huenda alisinzia kidogo, au mkono uliteleza. Jibu ni kwamba fidia hii haisubiri kwanza kujua nani alikuwa na kosa. Huhitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alifanya uzembe. Inatosha kwamba uliumia ukiwa kazini kwa ajili ya kazi.

Kinachoweza kuleta shida ni utovu wa nidhamu wa makusudi, kwa mfano kuendesha mashine ukiwa umelewa. Hata hapo, pakitokea kifo au ulemavu mkubwa, sheria haiwafungii mlango moja kwa moja wategemezi na majeruhi. Kwa hiyo familia isijihukumu yenyewe. Peleka madai, waache wenye kazi ya kuamua waamue.

SAA YA KWANZA

Hapa tunazungumza kama ukurasa wa afya. Mambo yanayofanyika katika saa ya kwanza huokoa maisha, na pia huokoa haki.

Kwanza, zima mashine au umeme. Usimguse mtu aliyenaswa na umeme kabla ya kuukata, la sivyo mtakuwa majeruhi wawili.

Pili, zuia damu. Bonyeza jeraha kwa kitambaa safi, usiachie, na unyanyue mkono au mguu juu zaidi ya moyo. Usipake mafuta ya taa, majivu, kahawa wala dawa ya meno. Vitu hivyo huingiza uchafu na kumsumbua daktari.

Tatu, kidole kikikatika kabisa, kitafute. Kifunge katika kitambaa safi chenye unyevu, kitie ndani ya mfuko wa plastiki, kisha mfuko huo uuweke juu ya barafu au maji baridi. Kidole chenyewe kisigusane na barafu. Kipelekwe hospitali pamoja na mgonjwa. Vueni pete mapema kabla mkono haujavimba.

Nne, kemikali ikiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, ndipo muondoke kwenda hospitali.

Tano, aliyeanguka kutoka juu asikalishwe wala kukunjwa kwenye pikipiki. Huenda uti wa mgongo umevunjika. Alazwe juu ya ubao mpana, shingo isicheze, na litafutwe gari.

Mkifika hospitali, semeni wazi: "Ameumia kazini, akifanya kazi hii, saa hii." Hakikisheni maneno hayo yameandikwa katika kadi au faili la mgonjwa. Wapo wanaosema, "Ameanguka tu nyumbani," kwa kumwonea haya mwajiri au kwa kuambiwa waseme hivyo. Maneno hayo yakishaandikwa na daktari, ni vigumu kuyafuta. Baada ya mwezi mtakuja kudai fidia ya ajali ya kazini, na faili la hospitali litawaumbua.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo ni hivyo hivyo. Familia nyingi hazikosi fidia kwa sababu hazistahili. Hukosa kwa sababu hazikuandika, au zilichelewa. Hatua za kufuata ni hizi:

1. Toa taarifa kwa mwajiri mara moja, siku hiyo hiyo ikiwezekana. Kama majeruhi hawezi, mke, mume, kaka au mfanyakazi mwenzake atoe kwa niaba yake. Kusema kwa mdomo ni vizuri, lakini ongeza barua fupi. Andika tarehe, saa, mahali, kazi iliyokuwa ikifanyika na namna ajali ilivyotokea. Baki na nakala iliyosainiwa na aliyeipokea.

2. Mwajiri akishapata taarifa anatakiwa kuupelekea Mfuko habari ya ajali ndani ya siku 7. Muulize kwa upole kama ameshapeleka. Akisema ndiyo, omba kuona nakala.

3. Andika majina ya walioona ajali. Vibarua huhama. Baada ya mwaka hutajua yuko wapi yule aliyekufunga kitambaa.

4. Tunza karatasi zote mahali pamoja: kadi ya hospitali, risiti za dawa, picha za eksirei, cheti cha mapumziko, hati za mshahara za miezi iliyopita, mkataba kama upo. Kama mlilipwa kwa njia ya simu, msifute ujumbe wa malipo. Ajali ikiwa ya barabarani, fomu ya polisi ya PF3 nayo itahitajika.

5. Madai yapelekwe ndani ya miezi 12. Msingoje mwezi wa kumi na moja. Kadiri siku zinavyopita, ndivyo mashahidi wanavyotawanyika na karatasi zinavyoliwa na panya.

6. Usisaini usichokielewa. Pengine mwajiri ataleta karatasi ya kukiri kwamba umepokea kiasi fulani na huna dai lingine. Sheria haitambui makubaliano ya mfanyakazi kuuza au kuachia haki yake ya fidia. Hata hivyo ni afadhali usisaini kabisa kuliko kusaini halafu ukaanza kujitetea.

MAFAO NI YAPI?

Watu wengi wakisikia neno fidia hufikiria bahasha moja ya fedha. Kumbe mafao ni ya namna saba, na kila moja lina wakati wake.

La kwanza ni matibabu. Hayo ni pamoja na kumwona daktari, dawa, upasuaji, kulazwa, na viungo bandia kwa aliyepoteza mguu au mkono.

La pili ni malipo ya ulemavu wa muda. Huyu ni mtu ambaye hawezi kufanya kazi sasa lakini anatazamiwa kupona. Hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake kwa mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24.

La tatu ni malipo ya ulemavu wa kudumu. Matibabu yakishafika mwisho, daktari hupima ni kiasi gani cha uwezo wa mwili kimepotea, na kukitaja kwa asilimia. Kupoteza macho yote mawili huhesabiwa kuwa asilimia 100. Kidole gumba huhesabiwa zaidi ya kidole cha mwisho, kwa sababu bila gumba mkono haushiki. Ulemavu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo mmoja. Ukizidi asilimia 30, mtu hulipwa pensheni kila mwezi.

La nne ni malipo kwa ajili ya msaidizi. Mtu aliyepooza anahitaji mwenzake wa kumgeuza, kumwogesha na kumlisha. Mara nyingi mwenzake huyo ni mke au binti aliyeacha shughuli zake, na sheria imemkumbuka.

La tano ni huduma za utengamao, yaani mazoezi ya viungo, ushauri wa kutuliza moyo, na mafunzo ya kazi nyingine ambayo mtu anaweza kuifanya na hali yake mpya.

La sita ni msaada wa mazishi, endapo mfanyakazi amefariki kwa ajali au ugonjwa wa kazi.

La saba ni pensheni ya wategemezi wa marehemu, yaani mjane au mgane, watoto na, kama hao hawapo, wengine waliokuwa wakimtegemea.

TUFANYE HESABU PAMOJA

Tuseme mfanyakazi alikuwa na mshahara wa shilingi 600,000 kwa mwezi. Akiwa kitandani kwa ulemavu wa muda, asilimia 70 ni shilingi 420,000 kwa mwezi.

Tuseme mfanyakazi huyo amefariki kwa ajali ya kazini, ameacha mjane na watoto watatu. Pensheni ya wategemezi hupigwa kutokana na ile ambayo angelipwa kama angepata ulemavu kamili, yaani shilingi 420,000. Mjane hupata asilimia 40 yake, ambayo ni shilingi 168,000. Kila mtoto hupata asilimia 20, ambayo ni shilingi 84,000. Watoto watatu jumla yao ni shilingi 252,000. Ukijumlisha na ya mama, nyumba hiyo inapata shilingi 420,000 kila mwezi. Watoto wakiwa wengi zaidi, jumla haitazidi kiasi hicho, bali mafungu hupunguzwa ili wote wapate.

Hesabu hii ni ya kutuonyesha njia tu. Vipo pia viwango vya chini na vya juu vinavyowekwa kwa kanuni, na ofisi ya Mfuko ndiyo itakayotoa hesabu kamili. Lakini linganisheni wenyewe. Laki moja ya rambirambi huisha kabla ya arobaini ya marehemu. Pensheni humfikisha mtoto darasani mwaka baada ya mwaka.

Hapa tuna ombi moja kwa ndugu wa marehemu. Fedha hizi si mali ya ukoo ya kugawana baada ya matanga. Ni za wategemezi waliotajwa na sheria. Kwa sababu hiyo wenye ndoa watunze vyeti vya ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Wengi huanza kuvitafuta siku ya msiba, na hapo ndipo mjane husumbuliwa.

MAGONJWA YANAYOKUJA POLEPOLE

Kazi haiumizi kwa kukata tu. Yapo magonjwa yanayomwingia mtu kidogo kidogo, na sheria inayafidia pia.

Mchimba madini au mponda kokoto huvuta vumbi la mawe kwa miaka mingi, mapafu yake yakaota makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Mgonjwa hukohoa na kuhema kwa shida, na ni rahisi kwake kuambukizwa kifua kikuu. Mfanyakazi wa kiwanda cha kuchambua pamba hubanwa kifua hasa siku ya kwanza ya kurudi kazini baada ya mapumziko, kisha siku zinazofuata hupata nafuu. Anayeshinda kwenye kelele za mashine huanza kuwaambia watu nyumbani, "Ongezeni redio," kumbe masikio ndiyo yanayokufa. Anayepuliza dawa za kuua wadudu mashambani hupata kizunguzungu, kutapika na jasho jingi.

Shida ya magonjwa haya ni kwamba daktari asipojua kazi yako anaweza kutibu kikohozi bila kujua kilikotoka. Kwa hiyo ukienda hospitali, usingoje kuulizwa. Mwambie, "Nimefanya kazi ya kuponda mawe miaka kumi." Sentensi hiyo moja yaweza kubadilisha vipimo utakavyofanyiwa, na ndiyo mwanzo wa madai yako.

UKIKATALIWA

Pengine madai yatakataliwa, au asilimia ya ulemavu itaonekana ndogo kuliko hali halisi. Huo si mwisho wa safari. Unaweza kumwandikia Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko ukaomba uamuzi uangaliwe upya. Usiporidhika, unakata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya mambo ya kazi. Baada ya hapo ipo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Kila hatua ina muda wake, hivyo barua ya majibu isiachwe juu ya kabati. Kama wewe ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, mwone kiongozi wako wa tawi.

Wajihadharini pia na watu wanaojifanya wanajua njia ya mkato na kuomba sehemu ya malipo. Haki yako huhitaji kuigawa kwa mtu wa kati.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Hakuna pensheni inayoweza kurudisha jicho. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuweka mazingira salama na kutoa vifaa vya kujikinga. Mashine ziwe na vizuizi vyake, wafanyakazi wapewe viatu, glavu, kofia ngumu, miwani na vizuia kelele kadiri ya kazi, na sanduku la huduma ya kwanza liwepo, tena lenye vitu ndani. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA, ndio wenye kazi ya kukagua.

Lakini na sisi wafanyakazi tujichunguze. Wangapi wamepewa miwani wakaitundika ukutani kwa sababu ya joto? Wangapi wameondoa kizuizi cha msumeno ili kazi iende haraka? Hujafa hujaumbika.

TURUDI KWA YULE BABA

Sasa tumrudie baba wa kiwanda cha mbao. Imepita miezi minne tangu aumie. Anasema ni bahati mbaya yake na kwamba mambo yamekwisha. Sisi tunasema hayajaisha. Muda wa miezi 12 bado anao. Faili lake liko hospitali na tarehe ya kulazwa imeandikwa. Wenzake waliompakia kwenye pikipiki bado wanapatikana. Ujumbe wa mishahara uko katika simu ya mkewe. Anachotakiwa kufanya wiki hii ni kuandika barua ya taarifa kwa mwajiri na kubaki na nakala, kuomba maelezo ya daktari, kuwatafuta mashahidi wawili, kisha kwenda ofisi ya Mfuko yeye na mkewe. Ile laki moja haimzuii. Wala hahitaji kugombana na mwajiri wake. Anaweza kumwambia, "Kaka, nakushukuru kwa msaada wako. Sasa nisaidie na hili la fomu."

Kama katika jumuiya yenu yupo mtu wa namna hiyo, aliyekaa barazani na mkono uliofungwa, msimpe pole tu. Mwulizeni aliumia lini, na kama aliandika.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika familia yetu, nani anafanya kazi ya kuajiriwa? Je, anajua kama mwajiri wake amesajiliwa katika Mfuko?
2. Vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vya watoto viko wapi? Vingehitajika kesho, vingepatikana?
3. Kuna tofauti gani kati ya hisani na fidia? Toeni mfano mlioushuhudia.
4. Je, katika jumuiya yetu yupo aliyeumia kazini katika miezi 12 iliyopita na hajadai? Nani atamsindikiza?